Bushi ya Ekseli ya Mbele: Kwa Nini Gari la Wagonjwa Hufunguliwa Magurudumu Kabla ya Masika

Mvua za masika katika Mkoa wa Dar es Salaam huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Mei. Katika kata za pembezoni, kama vile Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, miezi hiyo hugeuza barabara nyingi za mitaa kuwa tope, na maji ya mabonde ya Mzinga, Kizinga, Tegeta na Mpiji hupanda hadi kwenye vivuko. Bajaji huegeshwa na gari dogo hukwama. Linaloweza kufika katika zahanati ya ndani na kumtoa mgonjwa ni gari lenye uwezo wa kuendeshwa kwa magurudumu yote manne.

Gari la namna hiyo linapokwama, wengi hulaumu tope, dereva au umri wa gari. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo, ipo sababu isiyoonekana kwa macho, nayo ni pete ndogo ya aloi ya shaba, inayoenea katika kiganja cha mkono, iliyofichwa nyuma ya kila gurudumu la mbele. Mafundi huiita bushi ya spindeli. Ikikosa grisi kwa muda mrefu, huweza kuharibu shafti inayozungusha gurudumu, na gari lililonunuliwa kwa ajili ya tope likashindwa kulipita.

Makala haya yanaeleza bushi hiyo ni nini, kwa nini hukauka, namna inavyopakwa grisi, na kwa nini ni haki ya mkazi wa kata kujua kama kazi hiyo imefanyika.

Gari linalozungumzwa

Magari mengi ya wagonjwa na ya kazi za nje katika halmashauri za Tanzania ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo wananchi wamezipa jina la "mkonga" kutokana na bomba la kuvutia hewa linalopanda kandokando ya kioo. Mfululizo huo ulianza kutengenezwa mwaka 1984. Gari la halmashauri hutambulika kwa namba zake zinazoanzia na herufi SM, yaani Serikali za Mitaa. Toyota Hilux za zamani na Nissan Patrol nyingi, ambazo wakazi huzitumia kubebea mchanga, mboga na vifaa vya ujenzi, zina ekseli ya mbele ya muundo unaokaribiana na huo. Kwa hiyo maelezo haya yanamhusu pia mwenye gari binafsi.

Ekseli ya mbele ya magari hayo ni bomba la chuma linalotoka upande mmoja wa gari hadi mwingine. Ndani yake, kila upande, mna shafti inayopokea nguvu kutoka kwenye difu na kuipeleka kwenye gurudumu. Kwa kuwa gurudumu la mbele hukata kona, shafti haiwezi kuwa fimbo moja iliyonyooka. Karibu na gurudumu kuna kiungo cha mviringo, kilichofunikwa na kifundo cha usukani, ambacho huiwezesha shafti kujikunja huku ikiendelea kuzunguka. Kipande kifupi cha nje ya kiungo hicho hupenya katika mkono wa chuma ulio wazi katikati. Mkono huo ndio spindeli.

Spindeli haizunguki. Imefungwa kwa boliti kwenye kifundo. Juu yake, kwa nje, huzunguka habu ya gurudumu ikiwa imebebwa na beringi mbili. Ndani yake hupita shafti. Bushi imekandamizwa katika tundu la spindeli, upande wa ndani ya gari, na kazi yake ni kuishika shafti katikati ili isigonge ukuta wa spindeli wala kuyumba. Katika mpangilio huu, beringi huhudumia sehemu inayozunguka nje ya spindeli, na bushi huhudumia sehemu inayozunguka ndani yake. Fundi anayefungua beringi pekee na kuiacha spindeli mahali pake anakuwa amemaliza nusu ya kazi.

Bushi hufanya kazi wakati gani

Magari mengi ya aina hii yana habu za mbele zinazofungwa na kufunguliwa kwa mkono. Habu ikiwa imefunguliwa, gurudumu huzunguka peke yake na shafti hutulia. Bushi haisuguliwi. Habu ikifungwa, shafti huzunguka pamoja na gurudumu kila hatua, hata kama dereva hajavuta kitasa cha kuingiza magurudumu manne.

Hesabu ndogo itasaidia kuona uzito wa jambo hili. Tairi la ukubwa wa 7.50R16, linalotumika sana kwenye Land Cruiser za kazi, lina kipenyo cha sentimeta 80 hivi. Gurudumu hilo huzunguka mara 400 hivi katika kila kilomita. Safari ya kilomita 20 na habu zikiwa zimefungwa ni mizunguko 8,000 ya chuma ndani ya shaba, bila beringi ya golori wala ya misumari kati yake. Kilichopo ni utando mwembamba wa grisi. Utando huo ukiwepo, shafti huelea. Ukikosekana, chuma husaga shaba, kisha shaba ikiisha, chuma husaga chuma.

Bushi ya spindeli ina upungufu mwingine wa kimaumbile. Katika magari mengi haina nipeli ya kupitishia grisi kwa pampu. Nipeli za sehemu nyingine za chini ya gari zinaweza kujazwa kwa dakika chache, na fundi akamwambia dereva kwamba gari limepakwa grisi. Maneno hayo ni ya kweli, lakini bushi haikuguswa. Njia ya kuifikia ni moja tu: kufungua gurudumu, breki, habu na spindeli.

Kwa nini grisi huisha au huharibika

Grisi ni mafuta ya kulainisha yaliyoshikiliwa na sabuni maalumu, mara nyingi ya lithiamu, kama maji yanavyoshikiliwa na sifongo. Ina maadui watatu katika vitongoji vya Dar es Salaam.

Wa kwanza ni maji. Gari linapotembea, habu hupata joto na hewa iliyomo hutanuka. Likiingia ghafla katika maji ya baridi, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupitia kingo za sili zilizochakaa. Grisi iliyoingiwa na maji hugeuka rangi na kuwa nyeupe kama maziwa, na uwezo wake wa kulainisha hupungua. Katika maeneo ya karibu na bahari, kama Kunduchi na Mbweni, maji yenye chumvi huongeza kutu.

Wa pili ni mchanga. Udongo wa sehemu kubwa ya ukanda huu ni wa kichanga, na chembe zake zikichanganyika na grisi hufanya kazi ya msasa.

Wa tatu ni mafuta ya difu. Sili ya ndani ya ekseli ikichoka, mafuta mepesi ya difu huvuja hadi kwenye kifundo na kuiyeyusha grisi. Dalili yake ni uji mweusi unaotiririka nyuma ya gurudumu la mbele. Dereva akiona uji huo asisubiri tarehe ya huduma.

Kuna adui mwingine ambaye ni mtulivu zaidi, nao ni ukaaji. Gari ambalo habu zake hazifungwi miezi mingi, grisi yake huteremka chini na kuziacha sehemu za juu zikiwa kavu. Ndiyo maana watengenezaji hushauri kuendesha gari huku magurudumu ya mbele yakipewa nguvu angalau kilomita 16 kila mwezi, ili mafuta yasambae. Hilo lifanyike kwenye barabara ya udongo au mchanga. Kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma hulazimishwa kwenda mwendo mmoja hata penye kona, na mitambo hukazwa bila sababu.

Kazi inavyofanyika

Mkazi hahitaji kuwa fundi ili kuelewa hatua za kazi hii. Akizielewa, atajua kwa nini gari la zahanati yake haliwezi kurudishwa baada ya saa moja, na mwenye gari binafsi atajua analipia nini.

Kwanza, gari huegeshwa mahali pa tambarare, magurudumu ya nyuma huwekewa vizuizi, nati hulegezwa, kisha gari hunyanyuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Kulala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee, au lililoegemezwa juu ya tofali, ni kuhatarisha maisha.

Pili, gurudumu huondolewa, na kalipa ya breki hufunguliwa na kufungwa kwa waya kwenye springi. Isiachwe ikining'inia kwa mpira wake wa breki, kwa sababu mpira huo unaweza kupasuka ndani bila kuonekana.

Tatu, habu ya kufunga na kufungua hutolewa, kisha nati kubwa mbili za beringi pamoja na bati la kuzizuia zisilegee. Kwenye Land Cruiser nati hizo hutaka soketi ya milimita 54. Hapa ndipo gereji nyingi za mitaani hukosea kwa kutumia patasi na nyundo. Nati iliyopigwa patasi hupoteza pembe zake, haikazwi tena kwa kipimo, na vipande vyake vya chuma huweza kudondokea kwenye beringi. Soketi hiyo si kifaa cha anasa. Fundi asiyekuwa nayo aiazime kabla ya kuanza.

Nne, habu na diski hutolewa pamoja, boliti za spindeli hufunguliwa, na spindeli hugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki hadi iachie. Sasa bushi inaonekana.

Tano, vyote huoshwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kwa kitambaa safi. Grisi ya zamani haifunikwi kwa mpya. Kuongeza grisi safi juu ya grisi yenye mchanga ni kuulisha mchanga chakula.

Sita, ukaguzi. Bushi nzima huwa laini na yenye rangi sawa pande zote. Fundi huipitisha shafti ndani yake na kuitikisa. Ikicheza sana, ikiwa na mifereji, au ikiwa imeliwa upande mmoja, hutolewa na mpya hukandamizwa kwa kifaa chenye kipenyo chake, si kwa kupigwa nyundo moja kwa moja. Sehemu ya shafti inayokaa ndani ya bushi nayo hupapaswa kwa kidole. Shafti yenye mikwaruzo mirefu itaila bushi mpya katika muda mfupi, na kubadili moja bila nyingine ni kutupa fedha.

Saba, upakaji. Grisi hupakwa kwenye uso wote wa ndani wa bushi, kwenye nafasi iliyo karibu nayo ndani ya spindeli, na kwenye shafti. Kifundo chenye kiungo hujazwa kiasi cha robo tatu kwa grisi yenye molibdenamu, inayostahimili mkandamizo. Beringi hujazwa kwa kusukumwa kiganjani hadi grisi itokeze upande wa pili. Grisi za aina tofauti zisichanganywe, kwa kuwa sabuni zake zinaweza kukataana na mchanganyiko ukawa mwepesi kama uji. Ndani ya habu ya kufunga na kufungua hupakwa utando mwembamba tu. Ikijazwa, hugoma kufungika siku inapohitajika.

Nane, sili na gasketi mpya huwekwa. Nati ya kwanza hukazwa huku habu ikizungushwa pande zote mbili ili beringi zikae, hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bati la kuzuia hukunjwa juu ya nati zote mbili. Baada ya safari ya kwanza fupi, dereva hushika habu kwa uangalifu. Vuguvugu ni la kawaida. Joto lisiloshikika lina maana kwamba nati imekazwa kupita kiasi au grisi haitoshi, na gari lirudi kwa fundi.

Kazi hii kwa magurudumu yote mawili ya mbele huweza kuchukua siku nzima ya fundi makini, na zaidi iwapo vipuri vitahitajika.

Ratiba

Kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye neno la mwisho. Kwa kawaida, gari linalotembea kwenye barabara kavu hufunguliwa kila baada ya kilomita 40,000 hivi, na linalofanya kazi kwenye mchanga na tope kila baada ya nusu ya umbali huo. Gari lililozama hadi juu ya habu likaguliwe mapema, bila kujali kilomita zake. Kwa magari ya kata za pembezoni, majira mawili yanafaa: Januari au Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Ugumu wa ratiba hiyo ni wa kweli. Kituo chenye gari moja la wagonjwa kinapolitoa kwenda matengenezo, wagonjwa hubaki bila gari. Ndiyo sababu wasimamizi wengi huahirisha, wakihofia lawama za siku moja. Lakini gari lililoahirishwa mwezi Februari huchagua lenyewe siku ya kusimama, na siku hiyo mara nyingi huwa ya mvua. Kopo la grisi, sili na gasketi ni gharama ndogo. Shafti iliyolika, kiungo chake na spindeli ni gharama kubwa, na vipuri hivyo huweza kusubiriwa kwa wiki kadhaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia ya kupunguza adha ni kupanga. Magari ya vituo viwili jirani yasiingie karakana wiki moja. Kwa utaratibu wa Serikali, magari ya umma hutengenezwa na Wakala wa Ufundi na Umeme Tanzania, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, au katika karakana zilizoidhinishwa na wakala huo. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, karakana yake inayofahamika zaidi ni ile ya Keko, Wilaya ya Temeke. Nafasi ikiombwa mapema, kabla ya msongamano wa msimu wa mvua, gari hurudi mapema.

Nafasi ya mwananchi

Mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka zahanati ya kata hutarajiwa kufikishwa kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke au Mwananyamala. Akitokwa na damu, dakika anazopoteza kwenye tope hazirudi. Kwa hiyo hali ya ekseli ni suala la afya ya jamii kama ilivyo kwa dawa na vitanda.

Mkazi ana mahali pa kuuliza. Mkutano wa hadhara wa mtaa, ofisi ya mtendaji wa kata na diwani ni milango iliyo wazi. Maswali matatu yanatosha. Je, gari linalohudumia zahanati yetu lilifunguliwa magurudumu ya mbele lini mara ya mwisho? Je, spindeli zilitolewa, au beringi pekee ndizo zilizopakwa? Je, gari lilipokuwa karakana, gari gani lilishika zamu? Majibu yake yanapaswa kuwa katika kumbukumbu za matengenezo ya gari, pamoja na idadi ya kilomita za siku hiyo.

Dereva naye ana wajibu wake. Afunge habu kabla ya kuingia kwenye tope, na si baada ya kukwama. Azifungue anaporudi kwenye lami. Aandike katika daftari la gari kila mara maji yanapofika juu ya habu. Bila maandishi hayo, fundi hana njia ya kujua kwamba gari lilioga.

Wenye magari binafsi nao wamo. Katika mfumo wa m-mama, ambao mwananchi huita usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga kwa kupiga namba 115 bila malipo, madereva wa jamii hushirikiana na magari ya wagonjwa pale yanapokosekana. Mwenye gari la magurudumu manne aliyejiandikisha kwa kazi hiyo amebeba dhamana ileile, na bushi yake inastahili uangalizi uleule.

Linabaki suala la uchafu. Mafuta ya taa yaliyooshea vyuma, grisi chakavu na matambara yake visimwagwe kwenye mtaro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa namna hiyo, na mitaro ya Temeke na Kinondoni huishia kwenye mito na bahari ambayo wavuvi wanaitegemea. Taka hizo zihifadhiwe katika chombo chenye mfuniko na kukabidhiwa kwa mkusanyaji anayetambuliwa. Mwenye gereji asiyemfahamu mkusanyaji huyo aelekezwe na Afisa Afya wa kata yake.